Wavu wa Chuma Chini ya Dirisha la Mama

Mvua ilikatika ghafla kama ilivyoanza, na watu waliojibana kwenye baraza za maduka wakamwagika barabarani wote kwa pamoja. Miongoni mwao alikuwamo fundi cherehani mmoja, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, kitambaa cha mteja amekikumbatia kifuani. Aliporuka mtaro mbele ya geti la soko, kandambili yake ilimtoka mguuni, ikaanguka majini, ikaenda zake.

"Dada, usiruke tena, ya pili nayo itakimbia!"

Aliyesema hivyo alikuwa kaka mmoja aliyepiga magoti ukingoni, mkono umezama mtaroni mpaka begani. Akavuta mfuko wa plastiki, akavuta chupa, akavuta kiatu.

"Hiki hapa."

"Hicho cha mwanamume."

"Basi yuko mahali anarukaruka kama wewe."

Fundi akacheka bila kutaka. Kaka akazamisha tena mkono, akaipata kandambili yenyewe, na kabla ya kumpa akaisuuza kwa maji yake ya kunywa. Hilo Fundi aliliona, akaliweka moyoni.

Suruali ya yule kaka ilikuwa na matone ya bluu mguu mmoja na meupe mguu wa pili. Kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi, na wenzake walimwita Rangi Mbili. Kila Jumamosi yeye na majirani kadhaa walizibua mitaro ya mtaa kwa kujitolea.

"Mnalipwa?" Fundi akauliza.

"Tunalipwa kandambili."

Jumamosi iliyofuata Fundi naye alifika, mabuti ya mpira miguuni na kilemba cha maua kichwani.

"Umekuja kazini au harusini?" Rangi Mbili akamtania.

"Nimekuja kukagua kama unajua kazi."

Aliyewaongoza ni nesi mstaafu, mama mpole mwenye sauti ya kusikika mtaa mzima. Alikuwa na sharti moja. "Tunaanza chini, wanangu, tunapanda juu. Ukizibua juu kabla ya chini, takataka zote unampelekea mwenzako." Kwa hiyo walianzia bondeni, kwenye wavu wa chuma uliokinga mdomo wa bomba linalopita chini ya barabara, kisha wakapanda taratibu hadi kwenye maduka, wakipokezana toroli.

Mapenzi yao yalikua hivyo, kati ya koleo na reki. Simu zikaanza.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umenawa?"

"Nimenawa mpaka nimebadilika rangi."

"Ipi sasa, ya tatu?"

Siku moja, katikati ya wiki, Rangi Mbili alipita mbele ya duka la Fundi akaona mtaro umejaa matope na machupa. Fundi alikuwa amekwenda kwa mteja. Kijana akafikiria uso wake akirudi na kukuta pasafi, akavua shati, akazibua peke yake mpaka mtaro ukang'aa. Chini hakugusa. Mchana huohuo mvua kubwa ikanyesha.

Jioni akapiga simu, furaha imemjaa. "Mpenzi, umeona mbele ya duka lako?"

"Niko kwa Mama," Fundi akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekamua maji kwenye godoro. "Maji yameingia ndani. Mama amesimama juu ya kitanda na magoti yake yale mabovu, anashikilia dirisha. Wavu umeziba kabisa. Nimeona nini mbele ya duka?"

Rangi Mbili akakumbuka sharti la nesi.

"Uliniambia Mama anakaa bondeni," kijana akasema polepole. "Sikujua ni pale kwenye wavu."

"Ulizibua juu?"

"Nilitaka ukirudi ukute pasafi."

"Chini kulikuwa na mtu, ujue au usijue. Angeanguka je? Usinipigie tena."

Naye akatii, na kutii kwake ndiko kulikomuumiza Fundi zaidi. Jumamosi hakumwona. Iliyofuata hakumwona pia. Wenzake walipoulizana yuko wapi, Fundi alichimba matope kwa hasira. Amekimbia, alijiambia. Kandambili ameweza kuifuata, mtu amemshinda.

Kwa Mama mambo yalikuwa yanatengemaa. Mstari wa matope ukutani ulikuwa umefutika, chumba kimepakwa rangi ya maziwa.

"Mama, nani amekupakia?"

"Nimempata mtu," Mama akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Kisha ikaja mvua ya kutisha. Fundi aliiacha cherehani na sindano ndani ya nguo, akakimbia bondeni huku analia. Mama, godoro, magoti. Alisukuma mlango kwa bega.

Sakafu ilikuwa kavu.

Mama alikuwa ameketi kitandani, taulo mapajani, chai iko mezani vikombe viwili. "Funga mlango, unaniingizia maji," akasema.

"Mama! Maji yamekwenda wapi?"

"Yamepita. Muulize anayeyapitisha."

Fundi akachungulia dirishani. Pale kwenye wavu, maji magotini, Rangi Mbili alikuwa anavuta matawi na mifuko kwa reki, anatupa pembeni, anavuta tena.

"Huja kila asubuhi kabla sijafungua dirisha," Mama akasema. "Mara ya kwanza alisimama mlangoni akaniomba radhi hata sijajua kosa. Jumamosi huja wenzake wakishapanda juu, husafisha wanachokiacha. Aliniomba nisikwambie. Nami nikangoja uniulize vizuri, hukuniuliza." Akamrushia taulo. "Mpelekee. Hilo ni lake."

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Fundi akasimama ukingoni.

"Mbona hukuja kwangu?"

"Uliniambia nisipige simu." Kijana akajifuta uso. "Na ningekwambia nini? Maneno hayazuii maji. Nikaona nikae hapa kwanza."

"Mpaka lini?"

"Nilipanga mpaka Mama aweze kulala mvua ikinyesha."

Fundi akamtazama, matone ya bluu na meupe yote yamefunikwa na tope. Akamfunika taulo mabegani, akalikaza chini ya kidevu kama anavyokaza kola ya mteja anayempenda.

"Nimekuwa mkali," akasema.

"Ulikuwa na haki."

"Nilikuwa na haki siku ile. Siku zilizofuata nilikuwa na kiburi tu."

Rangi Mbili akacheka kidogo, kisha akawa mzito. "Fundi wangu, nataka wazazi wangu waje waongee na Mama. Kuhusu mimi na wewe. Nikingoja msimu wa kiangazi itakuwa vizuri, wasije wakalowa viatu."

Dirisha likafunguka nyuma yao. Mama hakujisumbua kujifanya hakusikia.

"Waambie waje hata ikinyesha!" akaita. "Hapa siku hizi maji hayaingii. Na chai inapoa, nyie!"