Swali la Dewey Stroud

Kitabu kilifika Jumamosi kwa posta, na Verna Stroud alipokitoa kwenye karatasi yake ya kaki aliona alama ya kidole gumba juu ya jalada. Ilikuwa ya chaki ya buluu, ile wanayopaka wacheza pool kwenye ncha ya fimbo. Akadhani aliyemuuzia alikuwa mchezaji na hanawi mikono. Akaifuta kwa kitambaa cha vyombo, akaenda kumimina kahawa, na aliporudi mezani alama ilikuwa pale pale, mbichi, imemwaga unga kidogo kwenye kitambaa cha meza.

Katika nyumba ile hakuna aliyeshika chaki tangu Dewey afe.

Dewey, mumewe, alikuwa fundi bomba kwa ajili ya tumbo na mcheza pool kwa ajili ya roho. Na alikuwa na uchizi mwingine: alikusanya vitabu vya wacheza pool wa zamani. Si vile vinavyouzwa madukani. Yeye alitaka vile vyembamba, vilivyochapwa mara moja na mitambo ya vichochoroni iliyokwisha kufa, ambavyo hakuna atakayevichapa tena. Alivisaka kwenye minada ya makanisa, kwenye vyumba vya chini vya vinyozi, kwenye nyumba za wafiwa kabla maua hayajanyauka. Kila alipofungua kitabu alikinusa katikati, akasema, “Hiki kimelala ukumbini miaka mingi, kinanuka sigara na viazi vya kukaanga.” Verna alimcheka. Naye alimjibu kila mara jibu lilelile: “Cheka tu, mama Charlene. Siku moja utanisoma humu.”

Na kweli alikuja kumsoma.

Kifo kilimkuta Dewey ukumbini kwa Pinkston, Jumamosi alasiri, akicheza na Hollis Skaggs. Mji mzima wa Ferris Landing, kando ya Mto Ohio kule Marekani, ulikuwa umejaa ukutani kutazama. Dewey alikuwa anaongoza. Ulibaki mpira namba tisa peke yake, umekaa mdomoni mwa shimo, mpira ambao hata mimi nisiyejua kushika fimbo ningeutia. Aliinama, akavuta pumzi, akaanguka ubavu.

Watu wakakimbilia simu. Verna, ambaye kwa miaka yote ya ndoa aliambiwa kwamba hata nyumba ikiungua fimbo itolewe kwanza, aliiokota pale sakafuni. Fimbo nzuri za pool ni vipande viwili vilivyoungwa kwa skrubu. Mikono yake ikafanya ilichozoea: akaizungusha, akaifungua, akaitia kwenye mkoba wake wa ngozi, akalifuata gari la wagonjwa. Dewey alikata roho kabla hawajavuka daraja.

Kosa hilo mtu wa nje halioni. Lakini kumbi za kule zina kanuni isiyo na msamaha: fimbo ikifunguliwa kabla mpira wa mwisho haujaingia, mwenye fimbo amesalimu amri. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mchezo wa mwisho wa Dewey ukaandikwa kwa jina la Skaggs.

Miaka michache baadaye mwandishi mmoja wa gazeti akachapa kitabu kidogo juu ya wacheza pool wa Mto Ohio. Dewey alipata mstari mmoja tu: Stroud aliongoza dhidi ya Skaggs, kisha akafungua fimbo yake. Basi. Mwandishi hakusema kwamba mtu alikuwa anakufa. Mwanamume aliyetamani maisha yake yote kuingia kitabuni, ameingia kama mwoga, na aliyemwingiza ni mkewe.

Ndiyo maana Verna alianza kukisaka. Alirithi uchizi wa marehemu lakini akaugeuza: Dewey alivitafuta vitabu ili visomwe, yeye alikitafuta hiki ili kisisomwe na mtu yeyote tena. Kila nakala aliyoipata aliitia kwenye rafu ya chumba cha nyuma. Mle ndani ilikuwemo pia meza ya Pinkston, ile ile, aliyoinunua ukumbi ulipofungwa. Wanaume wa mtaa walibeba mabamba yake ya mawe, yale ya chini ya kitambaa, wakitukana hadi mlangoni.

Wazungu wa kule hawana neno jini. Husema tu kwamba nyumba ina mtu.

Nakala yenye alama ya chaki ilipoingia rafuni, alasiri ile ile Verna alisikia mipira ikigongana. Chumba kilikuwa kitupu na mipira imelala sandukuni mwake. Lakini alisikia hatua zikizunguka meza, kisigino cha kushoto kikiburuzwa kidogo kama Dewey alivyotembea, na akasikia harufu yake ya peremende na mafuta ya nywele. Mimi ningehama siku hiyo hiyo na kuacha hata viatu. Yeye alilia kwa furaha. Jumamosi iliyofuata alipika maharage na mkate wa mahindi, akavuta kiti hadi mlango wa chumba kile, akakaa kusikiliza kama mwanamke aliyetembelewa na mchumba.

Ndipo aliposikia mwisho wake: hatua zikasimama, pumzi ikavutwa, na kitu kizito kikaanguka ubavu upande wa pili wa meza.

Angeacha kununua pale pale. Lakini moyo wa mfiwa hauna akili. Ili amsikie akitembea alikubali kumsikia akianguka, na nakala nyingine ilipoonekana katika mnada wa Paducah aliifuata. Baada ya hiyo, mchezo haukusubiri tena Jumamosi. Ikaja nyingine, na nyingine, na sasa vilisikika visigino viwili vikiburuzwa, kisha vitatu, wanaume kadhaa wenye mwendo mmoja wakizunguka meza moja bila kugongana, wakivuta pumzi kwa kupokezana, wakianguka mmoja baada ya mwingine alasiri nzima, hivi kwamba Verna alikuwa hajamaliza kumlilia mmoja kabla wa pili hajaanguka, na maharage yakaungulia jikoni, na unga wa buluu ukaonekana kwenye sukari, kwenye mto wa kitanda, na asubuhi moja kwenye meno yake mwenyewe alipojitazama kwenye kioo.

Mchungaji wa Kibaptisti aliletwa, akaomba, akaondoka akisahau kofia yake, na hakutuma mtu kuifuata. Binti yao Charlene alikuja kutoka St. Louis kumbembeleza mama yake wahame. Alasiri ile alisimama naye mlangoni, wameshikana mikono, wakayasikia maanguko yote. Halafu wakasikia jambo ambalo Verna alikuwa hajawahi kubaki kulisikia. Baada ya anguko la mwisho, chumba kilipotulia kabisa, ilisikika skrubu ya fimbo ikizungushwa polepole mpaka ikaachia. Na sauti ya Dewey, haina hasira, sauti ya mtu anayetafuta miwani yake, ikauliza:

“Nani kaifungua?”

Charlene alimgeukia mama yake. “Mama, baba anauliza.”

“Nimesikia.”

“Mjibu basi.”

Verna alifungua mdomo. Hakumjibu, na kwenye kile chumba swali likarudiwa, safari hii na sauti mbili, kisha na zote.

Asubuhi yake Charlene alisema vitabu vitiwe motoni viteketee. Verna akakataa, akasema, na alisema kweli, kwamba hawezi kumchoma. Ila alivaa koti akaenda kwenye nyumba ya wazee nje ya mji, alikolala Hollis Skaggs.

Skaggs alikuwa amebaki ngozi na mifupa, mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki. Kando ya kitanda chake kilikuwa kile kitabu, kimechakaa kwa kufunguliwa ukurasa mmoja. Jina lake nalo lilikuwa kwenye mstari ule ule, na hakuwa na mstari mwingine duniani.

“Umekifuata, shemeji,” alisema. “Nimesikia unavizoa vyote. Hiki hukipati mpaka nife.”

“Sikufuata kitabu, Hollis.” Akamweleza yote kwa sauti ya chini, mpaka swali lile.

“Nilikuona,” mzee alisema. “Wote wanatazama mlangoni, mimi nakutazama wewe unaizungusha. Ningesema, shemeji, hebu iache. Neno moja tu. Nikanyamaza, maana nilikuwa sijawahi kumshinda.”

“Sasa anaanguka kila siku.”

“Unataka aende?”

Verna alijua anachoulizwa. Alimkumbuka Dewey akizunguka meza, kile kisigino, ile peremende, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akivuta kiti mlangoni. Kama angesema hapana, angeendelea kuwa na mume.

“Nataka apumzike,” alisema hatimaye.

“Basi niletee fimbo yangu. Ipo chini ya kitanda. Iunge wewe, mikono yangu haiwezi.”

Charlene aliwaendesha. Walimwingiza Skaggs chumba cha nyuma kwa kiti cha magurudumu, fimbo yake nzima imelala magotini. Verna alipanga mezani mipira miwili tu, mweupe na namba tisa, kama ilivyobaki siku ile. Wakangoja. Alasiri ilipofika, baridi ikashuka juu ya meza, harufu ya peremende ikajaa hadi ikachoma macho, hatua zikaanza pande zote, nyingi mno, zikizunguka, zikibana kile kiti cha magurudumu hadi kikasogea chenyewe, na pumzi zote zikavutwa kwa pamoja, na Verna akafumba macho kusubiri maanguko.

“Dewey,” Skaggs alisema. “Subiri kidogo, ndugu yangu.”

Akashika fimbo yake katikati. Mikono ilimtetemeka vibaya sana, Charlene akataka kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa. Alizungusha, ikakwama, akazungusha tena. Skrubu ikaachia. Akaviweka vipande viwili juu ya kitambaa cha kijani, mbalimbali, wazi kwa kila mwenye macho na asiye nayo.

“Umeshinda,” alisema. “Ulishinda siku ile ile.”

Hakuna aliyeanguka. Mpira mweupe ulijongea wenyewe, bila haraka, ukaugusa namba tisa, nao ukadumbukia shimoni. Ikasikika fimbo moja ikifunguliwa, tulivu, kama mtu anavyofungua yake mchezo ukiisha kwa haki, na mkoba wa ngozi ukafungwa. Kisha hatua za mtu mmoja tu, kisigino cha kushoto kikiburuzwa, zikapita karibu na Verna.

“Dewey, kahawa ipo,” Verna alisema.

Hatua hazikupunguza mwendo. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa.

Skaggs alifariki kabla ya majira ya kuchipua. Alimwachia Verna kitabu chake, na nyumba ya wazee ikakituma kwa posta. Alikifungua jikoni, akatafuta alama ya chaki mbele na nyuma, akakinusa katikati kama mumewe alivyokuwa akifanya. Kilinuka dawa na sabuni ya hospitali.

Hata hivyo alikipeleka chumba cha nyuma na kukitia rafuni na vingine. Kumbini anayeshindwa ndiye humpangia mshindi mipira. Verna akaipanga yote, akaibana vizuri kwa kile kibao cha pembetatu, akakiondoa polepole mpira usicheze. Akavuta kiti chake hadi mlangoni. Alasiri ikaja, ikapita. Kilichosikika ni friji ya jikoni tu.

“Ni mimi,” alisema kukiambia chumba. “Dewey, ni mimi niliyeifungua.”

Lakini hapakuwa tena na aliyeuliza.