Alhamisi Isiyo na Zamu

"Alhamisi hatuna zamu," alisema Nerys, muuguzi mkuu wa timu ya dharura.

Kazi yangu ni kuchora safari nzima ya mgonjwa wa akili, kutoka kwa daktari wa mtaa, timu ya dharura, wodini, mpaka arudi kwake. Kompyuta ndiyo inayotuonyesha foleni inakwama wapi. Ilikuwa ikikwama Alhamisi.

"Hamwendi kwa wagonjwa majumbani kabisa?"

"Tangu Februari, shoga. Ina maana mumeo hajakwambia?"

Wenzake wakacheka. Mume wangu, Ifor, yumo kwenye timu hiyohiyo, na asubuhi ile ile, Alhamisi, alinibusu akiwa na sare mwilini.

Nikamtumia ujumbe: "Uko wapi?"

"Kazini, kipenzi. Wagonjwa leo kibao!"

Jioni alipoingia tu, nikapekua koti lake mbele ya macho yake. Tiketi ya maegesho: Brecon, mji wa wilaya jirani, saa nne asubuhi.

"Anaitwa nani?"

"Nani tena?"

"Huyo wa Brecon. Usinifanye zuzu, Ifor!"

Akajibwaga kwenye kiti cha jikoni.

"Daktari Prosser. Natibiwa, Carys. Tangu yule mgonjwa wetu, yule mama niliyemkuta nyumbani kwake ameshakufa, silali. Ningetibiwa hapa, Nerys angesoma faili langu huku anakunywa chai."

Sikumwamini. Mwongo hodari hakosi jina la kukupa. Nikawasha kompyuta, nikatafuta mtu wa kwetu anayetibiwa Brecon. Hakuna hata mmoja.

"Wewe humo humu! Na humu yumo kila mtu."

"Wanaovuka mpaka wa wilaya uliwaweka wapi?"

Niliwafuta mwezi uliopita, watu mia na kumi na wawili, kwa sababu mishale yao ilinichafulia mchoro.

Nikafungua nakala ya zamani. Majina hatuwekewi. Nikashuka nayo mstari kwa mstari: mwanamume, miaka thelathini na minane, Brecon, kila Alhamisi.

"Huyu ni wewe?"

"Ndiye mimi uliyenifuta."

Machozi yakanitoka, na hasira nayo haikuondoka.

"Miezi yote hiyo unanidanganya na sare mwilini!"

"Niliogopa utanitazama kama unavyotazama hiyo michoro."

Nikamvuta kifuani.

"Alhamisi ijayo naendesha mimi. Nitakaa palepale mlangoni kwa daktari."

"Bado huniamini?"

"Nakupenda. Kukuamini, tutaanza na Alhamisi."