Ino Hakumjua Learko

Jua lilikuwa linazama nilipoteremka pwani ya Megara kuokota kuni zilizotupwa na mawimbi. Nilikuwa na Dorkia, mke wa mvuvi, ambaye ulimi wake hauna mfupa.

"Bibi Mirto, bado unamlilia Ino? Wenzio wanamchinjia mbuzi, amekuwa mungu wa bahari! Wewe tu ndiye uliyebaki na matanga yako."

"Kwenu ni mungu. Mimi nilimnyonyesha."

Ndiyo. Nilimlea Ino tangu uchanga, nikamfuata hadi kwa mumewe, mfalme Athama. Siku Athama aliposhikwa na wazimu, alimwona Learko, mwanawe wa kwanza, akadhani ni paa. Akamfuma mshale. Ino akamnyakua mdogo wa Learko, Melikerte, akakimbia naye mpaka ukingo wa jabali, akajitupa baharini. Learko nilimzika mimi, kwa mikono hii.

Dorkia akatangulia na mzigo wake. Nikabaki peke yangu.

Upepo ukakatika. Mawimbi yakanyamaza... kimya kabisa.

Kisha harufu. Maziwa ya mzazi, pale katikati ya mwani uliooza.

"Mama..."

Nikageuka.

Alikuwa amesimama juu ya maji. Shela jeupe, kavu. Kambeba Melikerte kiunoni, mtoto ananikodolea macho bila kupepesa.

"Ino! Mwanangu!" Nikajitosa hadi magotini.

"Unalia nini, mama?"

Moyo ukanikatika. Aliniita mama kama anavyoitwa kikongwe yeyote njiani.

"Namlilia Learko."

"Learko ni nani?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mwanao! Kifungua mimba wako!"

Akafikiri kidogo, akatabasamu. Tabasamu lile... hata Athama na upinde wake hakunitisha vile.

"Waliponipokea huko chini waliniosha," akanong'ona. "Haniumi mtu moyoni tena. Nikuoshe na wewe?"

Kiganja chake kikagusa shavu langu. Baridi. Uchungu wote ukaanza kunishuka, kama homa inayokatika. Na mimi, Mungu wangu, nikatamani asiutoe mkono ule.

Nikausukuma mkono wake.

"Niache! Ukinitoa Learko moyoni, atabaki na nani?"

Hapo Melikerte akafumbua mdomo.

"Kaka..."

Ino akamfunika uso kwa shela, haraka. Wakazama. Maji hayakutikisika hata kidogo.

Dorkia alirudi akanikuta nimekaa kwenye mchanga. Nilipomsimulia, akapiga vigelegele. Eti nimebarikiwa.

Labda. Tangu siku ile nalala vizuri, nakula vizuri. Majirani wanasema nimenawiri. Mshale naukumbuka. Damu, sanda, udongo, vyote navikumbuka.

Jana nikamuuliza Dorkia, "Hivi nilikwambia Learko alikuwa na sura gani?"

Akaacha kupaa samaki, akaniangalia.

"Hukupata kuniambia, bibi. Kila ukianza, ulikuwa unalia."