Kifuko Chini ya Mdomo wa Juu

Kifuko cha kumi na nne kilikuwa bado na mate.

Sanelma Ketola alikiokota kwa vidole viwili vya glavu ya mpira, akakiweka mbali na uso wake, akakigusa kwa kijiti cha kupimia. Akasubiri. Kijiti kilibaki cheupe. Kingegeuka buluu, ingekuwa sumu.

Akakitupa ndooni. Akaokota cha kumi na tano.

"Ptuu!" alisema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya choo cha wachezaji, ndani ya ukumbi mkubwa wa barafu wa Tampere, amevaa ovaroli ya kijani ya wafanya usafi. Chini ya ovaroli kulikuwa na bastola aina ya Walther. Sikioni alikuwa na kifaa cha mawasiliano kilichotengenezwa kifanane na kile cha viziwi. Ilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri. Saa kumi na moja ingeanza fainali ya ubingwa wa dunia wa mpira wa magongo wa barafuni, wanaume, na timu ya nyumbani ilikuwa ndani. Jiji zima lilikuwa limepagawa. Watu wazima na akili zao walikuwa wakitembea barabara ya Hämeenkatu wamejichora simba mashavuni.

Yeye alikuwa chooni, akichambua makapi ya ugoro.

Ugoro wenyewe ni ule wa Kiswidi, snusi, unaofungwa kwenye vifuko vidogo vyeupe kama majani ya chai na kubanwa chini ya mdomo wa juu. Kuuza ni marufuku upande huu wa mpaka. Unavushwa kwenye mji wa mpakani wa Tornio kwa magunia, na kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Sanelma aliujua vizuri kuliko alivyotaka. Aliishi miaka tisa na mume aitwaye Kauko, ambaye aliviacha vifuko vyake vilivyotumika kwenye sinki, dirishani, juu ya redio. Siku Sanelma alipokikuta kimoja ndani ya bakuli la sukari, alifungasha.

Asubuhi ile simu yake ya Nokia ilikuwa imetetemeka mara moja.

"Shangazi kaletewa kahawa chungu."

Maana yake ilikuwa sumu. Na aliyelengwa alijulikana: Eelis Vatajoki, golikipa, miaka ishirini na mitatu. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa na Martti Vatajoki, mhandisi wa nyaya za chini ya bahari, ambaye Jumatatu angesimama mahakamani na kuwataja majasusi wa kigeni waliokata waya wa mawasiliano chini ya Bahari ya Baltiki. Walimtisha mzee, hakutishika. Sasa walitaka mwanawe aanguke barafuni mbele ya dunia nzima, ili mzee afunge mdomo na mwingine yeyote ajifunze.

Ofisi ya usalama aliyoifanyia kazi Sanelma ilikuwa imenasa sentensi moja ya simu yao. "Kitakuwa mdomoni mwake kabla ya wimbo wa taifa."

Wenzake walipima chakula. Safi. Maji, safi. Dawa ya meno, safi. Kocha alipoulizwa kuhusu ugoro alipandisha mabega. "Kwenye timu yangu hakuna anayegusa uchafu huo."

Kifuko cha ishirini na sita. Cheupe.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mzee Taisto Kiiskilä, mtunza vifaa wa timu, na jozi sita za viatu vya barafu mkononi.

"Mama, choo hicho kimeshasafishwa."

"Kimesafishwa na nani, nguruwe?" Sanelma alimwonyesha kitambulisho. "Mzee Taisto, nimehesabu vifuko ishirini na sita. Kwa timu isiyogusa, mnajitahidi."

Taisto akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ni vya wageni hivyo."

"Wageni wanafunga safari kuja kutema kwenye choo chenu?"

"Mama, mimi ni mtu wa viatu tu."

"Sitaki majina. Mnanitia kichefuchefu wote kwa pamoja, lakini sikuja kwa ajili hiyo. Nataka kujua jambo moja. Kipa anatoa wapi chake?"

Taisto akautazama mlango. "Kocha atanifukuza kazi."

"Kijana atakufa, mzee wangu. Leo, kabla ya wimbo wa taifa."

Viatu vilimponyoka. Mzee akakaa kwenye benchi.

"Yeye hana kopo la ugoro," alisema polepole. "Mechi ya kwanza alilisahau hotelini. Akaomba kifuko kimoja kwa fundi wa barafu aliyesimama kwenye lango la kuingilia uwanjani. Siku hiyo hatukufungwa hata bao. Basi, imekuwa ndiyo dawa yake. Kila mechi lazima aombe kimoja kwa fundi wa barafu, pale pale langoni. Fundi yeyote aliyesimama. Unajua makipa, mama, wana wazimu wao."

"Na nani anajua habari hii?"

"Watu wote. Ila hakuna anayeizungumza."

Sanelma alihisi hasira ikimpanda kifuani. Watu arobaini walijua mlango ulikuwa wazi, na wote arobaini waliapa kwamba hapakuwa na mlango.

"Nenda kamwambie asipokee kitu. Kimbia."

Taisto alitoka mbio, viatu vikabaki sakafuni.

"Sauna, Sauna, hapa Kunguru," Sanelma aliita kupitia kifaa cha sikioni.

"Sema, Kunguru." Ilikuwa sauti ya Roiha, mkuu wake, kavu kama kawaida.

"Ni ugoro. Mtoaji ni fundi wa barafu."

"Wako wangapi?"

"Watatu."

"Kamata wote."

"Bila ushahidi? Wawili watalia kwa mawakili na wa tatu atapanda ndege. Nakitaka kifuko chenyewe."

"Na kijana?"

"Anaambiwa sasa hivi."

"Una dakika ishirini kabla hawajatoka kupasha misuli."

Chumba cha mafundi wa barafu kilikuwa nyuma ya banda la mashine za kulainisha barafu, na kilinuka mafuta, soksi na kahawa iliyochemshwa mara tatu. Sanelma aliingia na ufagio. Wanaume watatu walikuwa wamekaa mezani, sahani ya mikate ya mdalasini katikati yao. Wote watatu walikuwa wamevimba midomo.

"Karibu mama, kahawa ipo," alisema mnene aliyeitwa Veijo. Alipotabasamu, uzi wa kahawia ulikuwa umeteremka kwenye jino lake la mbele. Akapiga funda la kahawa, ikapita juu ya ugoro, akameza vyote.

Sanelma aliendelea kufagia. "Hicho kilichomo mdomoni unakitoa lini?"

"Nikizikwa."

"Hata hapo hakitoki," alisema mwenzake mwembamba. "Mkewe kashaandika wosia, kizikwe naye."

"Mkewe ana subira. Mimi wangu nilimwacha."

"Kwa ugoro tu, mama?"

"Nilikikuta kwenye sukari."

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Wa tatu alicheka pia, nusu sekunde nyuma yao. Alikuwa mtu mtanashati, kucha safi, jina Ragnar limeandikwa kifuani.

"Huyu mgeni wetu, Mswidi," Veijo alieleza. "Katoka Luleå. Wiki ya kwanza hii."

"Luleå? Umehamia, au ni kwenu?"

"Kuzaliwa na kukua," alisema Ragnar.

Akainua kikombe cha karatasi mdomoni. Sanelma alidhani anakunywa.

Akatema.

Mate ya kahawia yalianguka chini ya kikombe. Veijo na mwenzake waliacha kutafuna. Ndipo Sanelma akaona kwamba uvimbe wa Ragnar ulikuwa chini, kwenye mdomo wa chini.

Kwa miaka tisa Kauko alikuwa amemtia kinyaa kwa kila njia aliyoijua binadamu, lakini hakuwahi kutema mate. Hawatemi hawa. Hawa wa kaskazini wanaubana juu na kumeza mate, na ukiwauliza wanakuona wewe ndiye mshamba. Mtu wa Luleå akitema kwenye kikombe mbele ya watu, hata mama yake angemkana. Huyu alikuwa amefundishwa ugoro na mtu wa bara jingine.

Kengele ya banda ikalia. Ragnar akasimama na kupapasa kopo kwenye mfuko wa kifua.

"Zamu yangu langoni."

Akatoka. Sanelma alihesabu hadi tano, akaacha ufagio ukutani.

"Sauna, nimempata. Jina bandia Ragnar. Anaelekea langoni."

"Kunguru, kuna tatizo." Roiha alivuta pumzi. "Kijana hajaambiwa. Kocha kamzuia Taisto mlangoni. Kasema hataki kusikia habari za ugoro siku ya fainali."

"Nini?"

"Na kipa ameshatoka. Amewatangulia wenzake."

Sanelma alikimbia.

Njia ya kwenda langoni ilikuwa imejaa nyaya za televisheni, mapipa ya magongo na watu wenye vitambulisho shingoni. Katikati yao alisimama simba wa timu, mtu mzima ndani ya vazi la manyoya, amejaza njia yote na kunuka jasho la wiki mbili.

"Pisha!"

"Mama, naingia barafuni mimi, nisubiri—"

Alimsukuma kwa mikono yote miwili. Manyoya yalikuwa yamelowa. Simba akaketi juu ya mapipa, na Sanelma akampita.

Langoni, hatua kumi na tano mbele, Eelis Vatajoki alikuwa tayari amesimama. Alikuwa mkubwa kama kabati ndani ya zile pedi zake, barakoa imepandishwa kichwani, kiganja wazi.

"Nipe kimoja, kaka. Fasta."

"Eelis!" Sanelma alipiga kelele. Muziki wa ukumbi ukaimeza sauti.

Ragnar alitabasamu. Akatoa kopo. Kwenye kifuniko cha kopo kuna kijumba kidogo chenye mfuniko wake. Akakifungua hicho, akachomoa kifuko kimoja, akakinyoosha.

Mkono wa Eelis ukasimama hewani.

"Kaka, hicho si umeshakitumia?"

"Kipya kabisa."

"Kipya, kinatoka kwenye kifuniko?" Uso wa kijana ulikunjamana wote. "Unanipa makapi yako? Mate yako, siku ya fainali? We mshenzi nini?"

Vipya hukaa chini kwenye kopo. Kile kijumba cha juu ni cha vilivyokwisha kutumika, mpaka mtu apate pipa. Mtoto wa darasa la tano wa Tornio analijua hilo. Ragnar alikuwa amekitenga kifuko cha sumu ili asikichanganye na vyake, akakiweka palipoonekana pazuri, na katika mafunzo yake yote hakuna aliyemwambia pale ni jalala.

Tabasamu likamtoka. Alimkaba Eelis taya kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akakisukuma kifuko kuelekea menoni.

Sanelma alifika. Teke la goti, kiwiko cha shingo, bega. Ragnar aligonga ubao wa uwanja kwa mgongo, akateleza hadi chini. Walther ikawa usoni pake.

"Mikono!"

Ragnar aliitazama bastola, kisha akamtazama yeye. Akakitia kifuko mdomoni mwake mwenyewe.

Akifa, ameondoka na kila jina.

Hapana, Sanelma aliwaza. Chochote kingine, lakini si hiki.

Akapiga goti juu ya kifua chake, akamziba pua, na mdomo ulipofunguka akachomeka vidole viwili nyuma ya mdomo wa chini. Mlikuwa na joto. Mlikuwa na uji wa kahawia, fizi zinazoteleza, na vifuko viwili, chake cha kawaida na kile kingine. Ragnar akang'ata. Sanelma alilia kwa maumivu na kinyaa pamoja, akakwangua, akavuta, na vyote viwili vikatoka na uzi mrefu wa mate uliomwangukia kwenye mkono wa ovaroli.

Kijiti kiligeuka buluu kabla hajakigusisha vizuri.

"Sauna, hapa Kunguru. Mtu ninaye, hai. Leteni daktari na maji ya kumsukutua mdomo, haraka." Aliutazama mkono wa ovaroli. "Na mimi nileteeni sabuni."

Walipomwondoa Ragnar, Eelis alikuwa bado amesimama palepale, mweupe kama ukuta.

"Dada," alisema. "Samahani. Wewe huna kimoja kisafi?"

"Toka mbele yangu," alisema Sanelma. "Nenda golini."

Alinawa mara nne. Alikuwa akinawa ya tano Roiha aliporudi sikioni.

"Kazi nzuri. Mambo mawili. Kocha anaomba kwenye ripoti tuandike ilikuwa peremende."

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema tutaliangalia."

Sanelma alitazama uso wake kwenye kioo. Mdomo wa kahawia wa yule muuaji ulikuwa umemchukiza kidogo kuliko sauti hii safi.

"La pili. Mzee Vatajoki asiambiwe mpaka atoe ushahidi. Asije akatetereka. Kunguru? Umenisikia?"

Alikitoa kile kifaa sikioni, akakizima, akakitia mfukoni.

Martti Vatajoki alikuwa amekaa safu ya tisa, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, soseji nyeusi ya damu na jemu ya beri magotini kwenye karatasi. Wimbo wa taifa ulikuwa umekwisha. Watu walikuwa wakipiga makelele na kukanyaga sakafu. Sanelma aliketi kando yake na kumwambia yote, tangu simu hadi langoni, bila kupunguza. Aliona ni haki yake kujua bei kabla ya kuamua.

Mzee alisikiliza akimtazama mwanawe, ambaye alikuwa akikwangua barafu mbele ya goli kwa viatu, kushoto, kulia, kushoto.

"Sumu ilikuwa ndani ya nini, umesema?"

"Ugoro."

"Eelis anatumia ugoro?"

"Ndiyo, mzee."

"Eelis wangu mimi?"

"Kila mechi."

Uso wa Martti ulikunjamana kwa kinyaa kitupu. Akaifunga soseji ndani ya karatasi, akaiweka chini ya kiti. Mikono akaibana katikati ya magoti.

"Nitashughulika naye nyumbani," alisema. Kisha akauliza: "Kesho mahakama inaanza saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Nitakuwa mlangoni saa moja."

Sanelma aliinuka, akashuka ngazi akiwapita mashabiki waliosimama, akatoka nje kwenye jua. Kipyenga cha kwanza kililia akiwa ameshafika kwenye gari.