Shaba Chini ya Dele

Nankya, mtumishi wa nyumba, alimkuta Mzee Harub asubuhi, alipoingia majlisi, sebule ya wageni, kufungua mapazia. Mzee alikuwa amelala ubavu juu ya zulia, damu imekauka juu ya sikio la kulia, na kando yake umetupwa mchi wa shaba wa kutwangia hiliki. Nankya akamwinua kichwa, akamwita, kisha akapiga kelele. Jirani aliyekuja mbio alimkuta yuko getini bila viatu, nguo ina damu, na pasipoti imo mfukoni.

Kufikia saa nne, nyumba ile ya Qurum, Maskati, ilikuwa imejaa polisi. Luteni Buthaina alisimama mlangoni mwa majlisi kwa muda kabla ya kuingia. Vikombe viwili vya kahawa vilikuwa vimetumika. Dele la kahawa lilikaa juu ya bamba la shaba lililojaa mikwaruzo, na pembeni palikuwa na chetezo cha kufukizia. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mkaa, kizima na cheusi, na vipande vya udi vingali kwenye kibweta chao.

Kuta zilijaa picha za kejeli za Kiingereza, zilizopigwa chapa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita: mawaziri wenye matumbo, maaskofu wenye vichwa vya bundi, jenerali anayekimbia vita huku suruali ikimshuka. Mzee Harub alizikusanya tangu alipokuwa mwanafunzi Uingereza. Alhamisi angezionyesha kwa watu katika ukumbi mmoja wa hapo hapo Qurum.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine ndogo ya kupigia chapa. Juu yake ilipita kamba yenye vibanio vingi, bila karatasi hata moja.

Buthaina alimhoji Nankya jikoni.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa chumba yangu, madam. Baba aliniambia nilale, ana mgeni, atampa kahawa mwenyewe."

"Mgeni gani?"

"Hakusema."

"Na pasipoti? Mbona ulikuwa nayo mfukoni?"

"Baba aliitoa kwa ofisi ya Bwana Musallam, ile ilituleta kazi huku. Akanipatia jana, akasema kitu yako kaa nayo." Alifuta macho kwa mkono ambao bado ulikuwa na damu kwenye kucha. "Madam, nimeshika kichwa yake tu. Wataniua?"

Buthaina alijua adhabu ya kuua kwa makusudi ni ipi. Alimletea maji, akamngoja anawe, kisha akauliza, "Kwa nini mzee aliifuata pasipoti yako?"

"Kwa sababu ya Nabukeera, rafiki yangu. Tulikuja pamoja. Alianguka kutoka juu kwa nyumba ya ofisi, ile wanatufungia tukingoja kazi, akakufa. Walisema alikuwa anaanika nguo. Usiku, madam? Nilimwambia Baba. Hakuongea. Kesho yake akaanza kuchora."

"Alichora nini?"

"Hakunionyesha. Alisema nitaona Alhamisi, na nitacheka."

Thabit, mwana wa marehemu, alifika kutoka kazini akiwa bado na kanzu ya ofisi. Alikuwa mtu mnene mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Jirani alikwisha kusema kwamba juzi alimsikia akimfokea baba yake.

"Ni kweli, tuligombana," alisema. "Nilimwambia maonyesho haya yataleta maneno. Watu hapa hawajazoea kuchekwa. Akanijibu, 'Ndiyo sababu.'"

Alionekana hajui pa kuweka macho, basi akaziangalia picha. Alionyesha mbili zilizotundikwa pamoja: waziri yule yule anamkamua ng'ombe yule yule, ila katika moja ameelekea kulia na katika nyingine kushoto.

"Hizi alinifundisha nikiwa mdogo. Ya kwanza ndiyo ya msanii. Ya pili ni ya mwizi. Aliichimba kwenye shaba kama alivyoiona, na ilipopigwa chapa ikageuka. Baba alikuwa akicheka mpaka analia."

Kisha akaja Musallam, mdogo wa marehemu, mwenye ofisi ya kuleta wafanyakazi wa nyumbani. Alifanana na Thabit kwa tumbo na ndevu, ila zake zilikuwa na mvi. Bakora aliishika mkono wa kushoto, kwani wa kulia ulivunjika zamani katika ajali ya gari na haukupona sawasawa.

"Nnakupa pole, ami," Buthaina alisema.

"Binti wa nani wewe?"

"Wa Kheiria, wa Seeb."

"Aa! Basi wewe mwanangu. Nitakwambia kweli. Jana usiku nilikuwapo hapa. Tumekunywa kahawa, tumezungumza mambo ya zamani, kanifukiza udi, nikaaga. Nimemwacha mzima. Halafu huyu msichana kaiba pasipoti, kaka kamkamata, yakawa yaliyokuwa. Hawa ukiwapa mkono wanataka bega."

Alipoondoka, Sajini Loai aliliinua dele ili alipeleke kupimwa. Akaligeuza na lile bamba, akapiga mluzi.

"Afande, hili si sinia."

Upande wa pili mistari ilikuwa imechimbwa, myembamba kama nywele, na wino umebaki ndani yake. Mtu mnene ameketi kwenye kiti kilichobebwa na wasichana. Mashavu yamemvimba kwa pasipoti alizojaza kinywani, kama mtoto aliyeiba halua. Kanzu imepanda, magoti yako nje. Mkono wa kulia ameshika bakora.

"Thabit huyu!" Loai alisema. "Tumbo lake, ndevu zake. Baba kamchora mwanawe, na mwana ndiye aliyekuwa akifoka."

Buthaina naye alimwona Thabit, na moyo ulimuuma, kwa kuwa kijana yule alikuwa amekaa barazani akilia bila sauti. Lakini Thabit hakuwa na pasipoti za mtu. Akarudi kuwatazama wale mawaziri wawili na ng'ombe wao. Alisimama hapo mpaka Loai akakohoa.

"Mwite Bwana Musallam arudi," alisema. "Na Thabit aje aniendeshee ile mashine."

Walikutana chumba cha nyuma baada ya alasiri.

"Ami, ulisema kaka yako alikufukiza udi."

"Ndiyo. Angeniachaje nitoke bila udi? Sisi watu."

"Kwa chetezo hiki?"

"Hicho hicho."

"Mkaa wake haujashika moto."

Musallam alicheka kidogo. "Labda yule msichana kaubadilisha."

"Msichana aliyekimbia bila viatu alirudi kusafisha chetezo, akaiacha maiti ilivyo? Udi haukuwashwa, ami. Hukuagwa."

"Basi nimesahau. Nimefiwa, mwanangu. Utanishitaki kwa mkaa?"

Buthaina alimtazama Thabit. Thabit akalowesha karatasi, akalipaka bamba wino, akalifuta kwa kitambaa mpaka shaba ikang'aa, akazungusha gurudumu. Aliibandua karatasi. Aliigeuza wote waione.

Mtu mnene sasa alishika bakora mkono wa kushoto.

Macho yote yakaenda kwenye mkono wa Musallam. Yeye alisimama, uso umetulia, kama mtu aliyezoea kuhojiwa. Pengine angetulia hivyo hivyo. Lakini Loai aliitazama tena picha, yale mashavu, yale magoti, na kicheko kikamponyoka puani.

"Unacheka nini?" Musallam alisema.

"Samahani, bwana..."

"Nimekuuliza unacheka nini!" Bakora ilianguka. "Mnaona? Hivi ndivyo wangenicheka wote. Wakwe zangu, wateja, watoto wa barazani! Yule msichana alipokufa niliitwa, nikajibu, nikaweka saini, likaisha. Kuchekwa utakwenda kujibu wapi?"

"Ulimwomba aifute?" Buthaina aliuliza taratibu.

"Nilimwomba kama mtoto. Nimemwambia, kaka, nitoe humo. Kanimiminia kahawa nyingine. Kasema, 'Musallam, ningekuona unamlilia yule binti, ningeifuta usiku huu.' Kasema hivyo, kakigeukia kikombe chake." Aliuangalia mkono wake wa kushoto. "Karatasi zote nimeziondoa kambani, nikazichoma kwangu."

"Na shaba?"

"Nilidhani sinia," alisema Musallam. "Nimenyweshwa kahawa juu yake."

Thabit alitoka nje. Aliporudi, akalowesha karatasi nyingine.

Nankya aliachiliwa kabla ya magharibi. Bamba na karatasi ya kwanza vilikuwa ushahidi, havikuruhusiwa kutoka, lakini Thabit alikuwa amepiga karatasi ya pili, na Buthaina akamwekea mbele yake juu ya meza ya jikoni.

Katika wasichana waliobeba kiti, mmoja alikuwa ameachia mpini. Amesimama kando, anamwonyesha yule mnene kidole, anacheka meno yote nje. Nankya aliitazama sura ile kwa muda mrefu. Yeye hakucheka.

"Huyu ni Nabukeera," Buthaina alimwambia.

"Hapana. Baba hakuwahi kumwona, na picha yake hakuna. Amechukua uso yangu." Akagusa jino lake la mbele. "Nabukeera alikuwa na pengo hapa. Madam, una kalamu?"

Buthaina alimpa yake. Nankya akainama, na kwa uangalifu mkubwa akalipaka jino moja jeusi.

"Sasa ni yeye," alisema.