Wimbo Uliokatizwa

Gauni la Bahiga lilinuka nywele zilizoungua. Insaf, mtunza mavazi, alilianika uani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, likarudi na harufu ile ile.

"Mama, pasi imekushinda?" Bahiga, mwimbaji mkuu wa filamu, alimtania. "Au ndiyo uzee?"

"Pasi hainuki nywele, mwanangu."

Walikuwa Kairo, mwaka wa arobaini na nane, wakipiga filamu ya nyimbo ya zama za mabibi zetu, juu ya kikundi kinachohangaika kuandaa onyesho. Mwongozaji, Ustadhi Ramzi, alitaka jukwaa la zama hizo hizo, akanunua mbao za ukumbi wa zamani uliobomolewa. Insaf alizitambua tangu siku ziliposhushwa. Hakumwambia mtu.

Siku hiyo Bahiga aliimba ubeti mmoja mara tano. Mara ya tano Ramzi alisema, "Basi, imetosha." Wapiga fidla wakashusha mikono. Kwenye viti vitupu, nyuma kabisa, mtu mmoja aliendelea kupiga makofi, polepole, kama anayesubiri.

"Nani huyo?" Ramzi aliuliza. "Anaharibu kazi."

Mlango wa chuma wa studio ukajifunga.

Wanaume sita waliusukuma, wakarudi wakipuliza viganja, maana chuma kilikuwa cha moto. Taa zikafifia zikawa nyekundu, harufu ile ya nywele ikajaa mpaka wacheza ngoma wakaziba pua kwa shela, na chini ya mbao, pale pale Bahiga alipokuwa amesimama, sauti ya mwanamke ikanong'ona, "Malizia."

"Bismillahi," mpiga dufu alinong'ona. "Anamwambia nani?"

"Mimi," Insaf akasema.

Aliwaeleza kwa sauti ya chini. Akiwa na miaka kumi na saba aliimba juu ya mbao hizo. Pazia liliposhika moto alikata wimbo katikati, akakimbia. Mwenzake Tahiya alikuwa nyuma ya jukwaa akisubiri zamu yake ya kupokea. Hakutoka.

"Miaka thelathini umenyamaza?" Ramzi aliuliza.

"Ningemwambia nani? Mama yake?"

Akavua viatu, akapanda. Alianzia wimbo pale pale alipoukatiza siku ile ya moto. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini mlango ukalia, ukafunguka, jua la uani likaingia. Watu wakakimbilia nje. Insaf alipofika mwisho wa wimbo, wengine wakiwa bado ndani, mlango ukaanza kurudi.

Akatunga ubeti papo hapo, juu ya mkate na maharage. Mlango ukasimama. Akatunga mwingine, na mwingine, huku joto likimpanda nyayoni, na kila alipovuta pumzi mlango ulisogea kidogo, naye akaanza kuvuta pumzi fupi fupi kama mgonjwa wa pumu, akiwahesabu kwa macho waliokuwa wakitoka, mpaka ukumbini akabaki peke yake na yule aliyekaa nyuma, ambaye sasa alikuwa amesogea viti vya mbele.

"Mama, toka," Bahiga aliita kizingitini.

Insaf alitikisa kichwa akiendelea kuimba. Kutoka jukwaani hadi mlangoni palikuwa na hatua arobaini, na pumzi zilikuwa zimemwishia. Alijaribu kunyanyua mguu, ukakataa.

Bahiga alielewa. Yeye aliyetoka kumcheka bibi yule adhuhuri alirudi ndani, hatua moja, kisha nyingine, akaupokea wimbo kwa sauti yake changa, kama Tahiya alivyopaswa kuupokea. Miguu ya Insaf ikaachiwa. Alitembea akishika viti, asitazame nani amekalia kipi, akamfikia Bahiga, akamshika kiuno, wakatoka wakirudi kinyumenyume, Bahiga akiimba mpaka jua lilipowapiga mgongoni. Hapo akanyamaza. Mlango ukabamizwa.

Kesho yake sheikh alisoma dua, mbao zikateketezwa uani. Harufu ikaisha. Filamu ilimaliziwa kwenye studio nyingine, na Insaf alikwenda kwa mama yake Tahiya, kikongwe asiyeona, akakaa naye mchana kutwa akimwambia kila kitu.

Bahiga alihamia kwa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemfuata Insaf wiki ya tatu.

"Anaimba usingizini," alisema. "Beti za kisa cha moto. Ulimfundisha?"

"Mimi nilitunga za mkate na maharage tu."

Dada akashusha sauti. "Na akifika katikati, mama, ananyamaza. Halafu mtu mwingine anapokea."