Matairi ya Kuazima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa dereva alipangusa vioo vya gari la baba yake, lile linalobeba watoto wa mtaa. Siku hiyo kitambaa kilimponyoka kikaanguka karibu na gurudumu la mbele. Aliinama kukiokota, akaduwaa.

Jana gari lilikuwa na matairi mapya. Lilipita ukaguzi, likabandikwa stika, na baba akarudi akipiga miluzi. Leo haya hapa yale yale ya zamani, vipara vitupu!

“Baba, matairi ya jana yako wapi?”

“Nimemrudishia mwenyewe,” alijibu baba, akifuta grisi mikononi. “Yalikuwa ya kuazima. Madereva wote hapa ndivyo tunavyofanya siku ya ukaguzi. Ingia, tunachelewa.”

Hasira zilimpanda binti mpaka masikio yakawa ya moto. Wiki iliyopita mvua iliponyesha, gari hili liliteleza, nusura ligonge ukuta, na mdogo wake alikuwa amekaa mbele. Alikwenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Haingii mtu humu!”

“We mtoto, una wazimu?” baba alifoka. “Toka hapo!”

“Sitoki! Nipige ukitaka!”

Fundi cherehani wa mtaa alikuwa ndiyo kwanza amefika na wanawe wawili pacha, waliopanda gari hilo kila siku. Aliuliza kulikoni. Binti akamvuta hadi kwenye gurudumu.

“Mama, gusa. Askari wa barabarani alitufundisha shuleni. Ndani ya mistari ya tairi kuna vinundu. Mpira ukilika hadi kulingana navyo, sheria hairuhusu gari kutembea. Hapa hata mistari yenyewe haipo!”

Fundi aligusa, akaguna. Kisha akamgeukia dereva, na hapo pakachimbika.

“Hivi wewe una roho ya namna gani? Jana ulinionyesha stika huku unakenua meno, nami nikakuamini! Wanangu ni magunia?”

Akawashika pacha wake, akaondoka nao kwa miguu. Watoto wengine waliokuwa wakingoja gari wakamfuata. Binti naye akamshika mdogo wake mkono, akaenda bila kuaga.

Jioni alikuta gari limeinuliwa juu ya mawe na stika imebanduliwa. Kila alfajiri baba alitoka kwenda kupakua saruji kwa ujira, akarudi mweupe kwa vumbi, hadi alipopata pesa za kununua matairi yake mwenyewe. Gari likakaguliwa upya. Ndipo akawaita watoto wote, na fundi akaja, uso bado umekunjwa.

“Siku ile mkaguzi alikagua matairi ya mwenzangu,” baba alisema. “Yangu hayakukaguliwa. Binti yangu aliponiambia ukweli nikamfokea, na hilo ni kosa la pili. Nilidhani sheria ya matairi ipo ili mimi na askari tuviziane. Kumbe ipo ili gari lisimame ninapokanyaga breki. Nikimdanganya mkaguzi, atakayeumia si mkaguzi. Ni nyinyi, na wawili kati yenu ni wanangu wa kuwazaa.”